Asilimia 27 Kwenye Kioo cha Dereva

Askari aliniomba niteremshe kioo cha upande wangu hadi nusu. Akapachika ukingoni kifaa kidogo chenye mdomo kama wa koleo, akabonyeza, akakigeuza nisome mwenyewe. 27. Ilikuwa Agosti, saa kumi na moja jioni, kando ya barabara ya Indian School hapa Phoenix, na upepo ulioingia kwenye ile nusu ya dirisha ulikuwa kama mtu amefunua sufuria ya mkate wa kumimina iliyopaliwa makaa juu na chini. Askari mwenyewe jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. Akanieleza bila ukali kwamba kioo changu kinapitisha asilimia 27 ya mwanga, na sheria ya Arizona kwa vioo vya pembeni vya mbele ni 33, na uvumilivu wake ni tatu tu kwenda juu au chini. Nikamtolea risiti ya duka lililonibandikia tinti, ile karatasi nyembamba ya kutia vioo giza. Imeandikwa 35. Akaisoma, akanirudishia.

"Karatasi ni 35, mama. Kioo chako siyo."

Akaniandikia onyo la kurekebisha, nikaondoka. Maneno yale yalinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimelipa pesa ili niwe ndani ya sheria, na nilikuwa nimelipa pesa ili mwanangu asiungue. Sikupata hata moja.

Nimezaliwa Tanga, kwa hiyo watu wa nyumbani wakisikia nalalamikia joto hucheka. Lakini joto la Tanga lina unyevu, lina upepo wa bahari, na usiku hulegea kidogo. Hili la Phoenix ni kavu na halina usiku. Mwaka 2023, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, kwa siku 31 mfululizo, kipimo kilifika au kuvuka nyuzi 43. Ukichukua Julai yote, mchana na usiku ukichanganya, wastani ulikuwa nyuzi 39. Kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, kwa hiyo kwangu zile si namba tu. Kuna milango niliyozoea kubisha hodi ambayo sikubisha tena.

Na gari ndilo chumba cha moto kuliko vyote tunavyoingia. Binti yangu alikuwa na miaka minne siku aliposhika kichuma cha mkanda wa kiti chake baada ya gari kusimama juani wakati tunanunua maziwa. Alama ya pembetatu ilibaki kwenye kiganja chake siku kadhaa. Siku ile ile nilimwambia mume wangu, vioo hivi lazima viwekwe tinti, na kesho yake nikaenda duka la karibu kuliko yote, nikasema neno ambalo kila mtu hulisema: niwekee nyeusi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimeona wengi wetu tukikosea vilevile, tuliotoka Tanzania, Kongo, Burundi na Kenya tukakutana kwenye jiji hili la jangwani. Tunadhani weusi ndio unaozuia joto. Nyumbani kivuli ni kitu cheusi: chini ya mwembe pana giza kidogo na pana baridi. Basi tunataka dirisha liwe mwembe.

Mwanga wa jua haufiki peke yake. Nguvu inayotufikia kutoka kwenye jua, karibu nusu yake huwezi kuiona kabisa. Ni ile mionzi ya infraredi, ambayo ngozi inaihisi lakini jicho halina habari nayo. Sehemu ndogo sana, asilimia chache tu, ni urujuanimno, ule unaoharibu ngozi na kupausha vitambaa vya viti. Iliyobaki ndiyo mwanga tunaouona. Karatasi ya rangi ya bei rahisi inashughulika na huu wa mwisho. Inalitia giza gari, jicho linapumzika, unajiona umepona, na huku nusu ile usiyoiona inapita kama haikuona kitu mlangoni.

Aliyenifundisha haya ni fundi mmoja, kijana wa Bukavu, ambaye nilielekezwa kwake kanisani baada ya lile onyo la askari. Duka lake ni gereji ya milango miwili nyuma ya soko la vyakula. Kabla sijakaa aliniambia, "Dada, weusi haiko dawa ya jua," akaniita kwenye meza yake. Mezani pana taa nyekundu ya joto, kama zile za kulelea vifaranga, na mbele yake pana mfuo wa mbao wa kusimamishia vipande vya kioo. Akachomeka kipande cha kwanza, cheusi tititi, karatasi inayopitisha asilimia 5 tu ya mwanga. Nikaweka kiganja upande wa pili. Baada ya sekunde tano nikauondoa. Joto lilikuwa linapita kama kawaida. Akachomeka cha pili. Hiki ungedhani hakina kitu, nilikuwa naona maua ya shati lake kupitia kwenye kioo. Nikaweka mkono, nikahesabu hadi thelathini, nikahisi uvuguvugu tu.

Halafu akafanya jambo lililonifanya nimwamini. Akasema, "Sasa gusa kioo yenyewe." Nikagusa. Kilikuwa cha moto. Akaniambia kwamba karatasi ile angavu, ya aina iitwayo seramiki, hairudishi joto lote nje. Sehemu kubwa inalimeza, na kioo kinapata moto. Gari likiwa linakwenda, upepo wa nje unalichukua lile joto na kuondoka nalo. Likiwa limesimama, sehemu yake inarudi ndani polepole. Na akaongeza kwamba taa ile inapendelea bidhaa yake, kwa kuwa inatoa infraredi nyingi kuliko jua lenyewe, kwa hiyo nisitegemee tofauti kubwa namna ile barabarani. Sijawahi kuona mfanyabiashara akijipunguzia sifa mbele ya mteja. Nikavuta kiti.

Ukienda duka lolote la tinti watakupa kadi yenye namba, na namba moja itakuwa imeandikwa kwa wino mkubwa: inazuia infraredi asilimia 95, au 97, au 99. Usiinunue kwa namba hiyo. Mara nyingi imepimwa kwenye kipande chembamba cha ile mionzi, kile ambacho karatasi hiyo inakiweza zaidi. Tafuta herufi TSER. Hiyo ndiyo jumla ya nguvu ya jua, inayoonekana na isiyoonekana, inayozuiwa kuingia. Kwenye kadi alizonipangia kijana yule, ile nyeusi tititi ya rangi tupu ilikuwa na TSER ya 44. Ile angavu ya seramiki, inayopitisha nusu ya mwanga, ilikuwa 53. Nilizisoma mara mbili. Ile unayoona uso wa mtu kupitia kwake inazuia joto zaidi kuliko ile inayoficha kila kitu.

Herufi nyingine ni VLT, yaani asilimia ya mwanga unaopita. Namba kubwa, kioo cheupe zaidi. Namba ndogo, giza zaidi. Wengi hapo huchanganya, wanadhani 35 ni asilimia 35 ya weusi. Na hapa ndipo lilipo lile kosa langu la 27. Kioo cha gari hakianzi na mia. Kinatoka kiwandani na ukijani fulani ndani yake. Cha gari langu, fundi alipobandua karatasi ya zamani na kukipima kikiwa kitupu, kilipitisha 78. Ukiweka karatasi ya 35 juu yake, unapata asilimia 35 ya hiyo 78, na jibu ni 27 na vipointi. Duka la kwanza halikupima kioo kabla ya kubandika. Walichukua karatasi iliyo karibu na namba ya sheria, wakabandika, wakanipa risiti. Hesabu ya darasa la tano ingeniokolea dola 160 na jioni moja kando ya barabara.

Sheria yenyewe si ngumu. Vioo vya pembeni vya mbele, 33 kwa uvumilivu wa tatu, na kisiwe kioo cha kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Mng'ao nao una kikomo, asilimia 35. Vioo vya nyuma ya dereva unaweza kuweka giza unalotaka, mradi gari lina vioo vya kutazamia nyuma pande zote mbili. Kioo kikubwa cha mbele unaruhusiwa utepe wa juu tu, usioshuka chini ya inchi 29 kutoka kwenye kiti cha dereva, na usiwe mwekundu wala wa rangi ya kaharabu. Kuna ruhusa maalumu kwa wagonjwa ambao jua linawadhuru, kwa cheti cha daktari. Nimemsaidia mama mmoja mwenye lupasi kuiomba.

Ila sheria hii ni ya Arizona. Nevada ni 35 mbele, New Mexico ni 20, na California hapo jirani, tunakokwenda watoto wakaione bahari, vioo vya mbele vya pembeni lazima vipitishe 70. Sabini, karibu sawa na kioo kitupu. Kama safari za San Diego ni nyingi kwenu, fikirieni hilo kabla ya kubandika.

Nilichagua 50 mbele. Mara 78 inatoa 39, juu ya sheria kwa nafasi ya kutosha. Mume wangu aliuliza kwa nini tusisogee karibu na kikomo, tuweke 40 au 45, maana sheria inaruhusu. Jibu langu ni la kazini. Nusu ya zamu zangu ni za usiku. Natoka nyumbani Glendale saa tatu usiku, na mitaa ya magharibi ya jiji hili ina giza, ina watu wanaotembea kwa miguu kwa sababu mchana hatembei mtu, na wengi ni watu wetu. Kina mama waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta wakivuka barabara ya njia sita na mifuko mkononi, wamevaa vitenge vya rangi nzito. Nikigeuza kulia, ninayemtazama yuko kwenye kioo cha pembeni, siyo cha mbele. Nataka kumwona. Na nataka yeye anione pia, kwa kuwa anayevuka hutafuta macho ya dereva kabla ya kuweka mguu barabarani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote tulipokuwa tunavuka kwenda shule.

Kuna jambo jingine linalohusu macho. Askari anaposogea kwenye gari la mgeni mwenye lafudhi ya mbali, giza ndani ya gari halimsaidii mtu yeyote, si yeye wala mimi. Nataka aone mikono yangu ilipo, na kiti cha mtoto nyuma, kabla hajafika dirishani.

Vioo vya nyuma niliweka 20, ya seramiki pia. Hapo niliwahi kubishana na fundi, kwa kuwa gari letu lina vioo vyeusi vya kiwandani nyuma, nikadhani hiyo imetosha. Hiki ni kitu ambacho wasomaji wa Dar na Mombasa watakijua, maana magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani yana vioo hivyo hivyo, vyeusi kuanzia mlango wa nyuma. Ile ni rangi iliyochanganywa ndani ya kioo chenyewe. Inaficha mizigo yako, inamficha mtoto aliyelala, lakini kwa joto haifanyi kazi kubwa. Kama uko Tabata au Kisauni na watoto nyuma wanalia joto wakati kioo ni cheusi, sababu ni hiyo. Karatasi angavu ya seramiki juu ya kioo cheusi cha kiwandani inaleta tofauti, bila kukiongezea giza sana.

Kuhusu ngozi nitasema machache, lakini nayasema kwa uzito. Mwaka 2016 daktari wa macho Brian Boxer Wachler alichapisha vipimo vya magari 29. Kioo cha mbele, kwa kuwa kina tabaka la plastiki katikati, kilizuia wastani wa asilimia 96 ya urujuanimno wa aina A. Kioo cha pembeni cha dereva kilizuia wastani wa 71, na kwenye gari lililokuwa na hali mbaya kuliko yote, 44. Nilipoisoma nilitazama mikono yangu. Huku dereva hukaa kushoto, na kila jioni nikipanda kaskazini kwa barabara kuu ya I-17 jua huwa kushoto kwangu. Mkono wa kushoto ulikuwa mweusi kuliko wa kulia, na ngozi yake imekauka kuanzia kiwiko hadi vidole. Madereva wa kwetu watazame wa kulia. Karatasi nzuri yoyote huzuia asilimia 99 ya urujuanimno, hata ile isiyo na rangi kabisa, kwa hiyo hapa tena weusi hauhusiki.

Aina za karatasi zenyewe sitazizungushia maneno. Ya rangi tupu ni rahisi na hugeuka zambarau kwa jua hili baada ya miaka michache, halafu hutoa mapovu. Ya chuma huzuia joto vizuri, lakini inaweza kusumbua simu na ramani ya gari. Ya kaboni haipauki. Ya seramiki ni ghali. Mimi nililipa dola 420 kwa gari zima, na niliweka akiba miezi mitatu. Kama pesa haitoshi, anza na vioo vya pembeni vya mbele na vya upande wanakokaa watoto, mengine yasubiri.

Sasa jambo ambalo nawaomba mlisome hata kama mmeruka mengine yote. Tinti inakusaidia gari likiwa linakwenda: jua halichomi ngozi moja kwa moja, kiyoyozi kinapata nafuu, usukani unashikika mapema. Gari lililosimama na kufungwa ni habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzao wa San Diego walichapisha vipimo walivyofanya hapa Tempe, kwa magari ya aina tatu, siku za zaidi ya nyuzi 38. Baada ya saa moja juani, hewa ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, usukani 53, dashibodi 69. Waliyaweka mengine kivulini, kivuli kamili, kizuri kuliko tinti yoyote duniani. Hewa ndani ilifika 38 na dashibodi 48. Wakapiga hesabu ya mwili wa mtoto wa miaka miwili: juani anaweza kufikia joto la hatari ndani ya saa moja, kivulini chini kidogo ya saa mbili. Tofauti kati ya jua na kivuli ilikuwa chini ya saa nzima ya uhai wa mtoto.

Kwa hiyo mtu akikuambia gari langu lina tinti ya maana, naingia dukani dakika mbili, mtoto amelala, usimwachie. Mshike mkono. Mimi huweka mkoba wangu wa kazi kwenye kiti cha nyuma, pembeni ya mtoto, ili nisiweze kushuka na kwenda bila kufungua mlango ule. Na kioo kikubwa cha mbele, kwa kuwa hakiruhusiwi karatasi, hufunikwa na kinga ya kung'aa kila tunaposimama. Joto jingi la gari lililosimama huingilia hapo, ndipo dashibodi inapofika 69.

Fundi alipomaliza alinikataza kushusha vioo siku tatu, ili gundi ishike, na kwa wiki hivi kulikuwa na ukungu wa maji ndani ya karatasi uliokauka wenyewe. Akanikataza pia dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo vinatosha. Mwisho akapachika kile kifaa ukingoni, mbele yangu. 39. Akaiandika kwa kalamu kwenye risiti pamoja na ile 78 ya kioo kitupu, akatia sahihi. Ninaiweka kwenye kijidroo cha dashibodi pamoja na bima.

Jumamosi hii nampeleka jirani yangu, mama wa Uvira mwenye mapacha. Gari lake la mwaka 2012 lina karatasi ya zambarau kioo cha nyuma, imejaa mapovu, na usiku haoni taa za anayemfuata. Itabidi ibanduliwe kwa mvuke kwanza, taratibu, maana mistari myembamba ya kuyeyushia barafu kwenye kioo kile hung'oka na gundi ukiivuta kwa pupa, na yeye kaka yake yuko Flagstaff, kwenye theluji. Fundi ametuambia tufike saa kumi na mbili asubuhi, kabla kioo hakijashika moto.